Maswali Yenu: Katalogi Inayosomeka kwa Sikio

Tovuti ya maktaba ya chuo chetu ina kurasa za Kiswahili, lakini mwanafunzi asiyeona anayetumia NVDA, programu ya bure inayosoma skrini kwa sauti, anasema kompyuta inamsomea vitu visivyoeleweka. Kosa ni lake au letu? (Mkutubi, Morogoro)

Kosa kubwa liko kwenu. Mstari wa juu wa msimbo wa kila ukurasa hutaja lugha ya ukurasa huo, na violezo vingi vya tovuti huja vikiwa na lang="en", yaani Kiingereza. Programu ya kusoma skrini hufuata tamko hilo, haichunguzi maneno yenyewe. Ndiyo maana "pole" inatamkwa "poul", na kitabu cha historia ya Wilaya ya Same kinakuwa cha wilaya ya "seim". Andikeni lang="sw". Majina ya vitabu vya Kiingereza yaliyomo katika katalogi nayo yapewe lang="en", kila jina peke yake, la sivyo mtakuwa mmehamishia tatizo upande wa pili.

Kwa mwanafunzi mwenyewe kuna kazi ndogo. Kwenye Windows 10 na 11, NVDA huanza na sauti za Windows. Abonyeze Insert, Ctrl na S kwa pamoja, achague eSpeak NG, injini ya sauti ambayo huja ndani ya NVDA bila malipo na inajua Kiswahili. Sauti yake ni kavu, lakini irabu zimenyooka. Kisha abonyeze Insert, Ctrl na V, ahakikishe kisanduku cha kubadili lugha moja kwa moja kina alama.

Mkishamaliza hapo, wekeni kipanya kando na mjaribu kuazima kitabu kwa Tab na Enter tu. Mahali pa kwanza pa kukwama huwa ni kisanduku cha kutafutia. Maneno "Tafuta kitabu" yaliyofifishwa ndani yake hupotea mtu akianza kuandika, na si mbadala wa lebo: wekeni lebo halisi iliyofungwa kwa kisanduku. Kitufe chenye picha ya lenzi tu, bila maneno, husomwa "kitufe", basi. Kipeni jina "Tafuta". Na kama mstari unaoonyesha Tab imefika wapi hauonekani, kuna fundi aliyeuondoa ili ukurasa upendeze. Mwambieni aurudishe.

Mitihani ya zamani tumeiskani na kuipandisha kama PDF. Wasioona wanasema faili ni tupu. (Msaidizi wa maktaba, Unguja)

Kwao ni tupu kweli. Jaribuni kuchagua neno moja kwa kipanya. Lisipochagulika, mlichonacho ni picha ya karatasi. Skanini upya kwa dpi 300 (nukta 300 kwa inchi), karatasi ikiwa imenyooka, kisha mpitishe picha kwenye Tesseract, programu ya bure ya kutambua herufi. Ina Kiswahili, na kwa mitihani yenye lugha mbili amri ni hii:

tesseract ukurasa.png matokeo -l swa+eng

Msipandishe matokeo kabla ya kuyasoma. "rn" hugeuka "m", safu mbili huchanganywa kuwa mstari mmoja, na ile alama ya juu katika ng' hudondoka. Hilo la mwisho hupita macho kirahisi kwa sababu anayeona hulijaza mwenyewe, ila anayesikiliza hupata "ngombe" badala ya "ng'ombe". Tafuteni kila "ng" na mlinganishe na karatasi. Kisha yatoeni kama faili la Word, vichwa vikiwekwa kwa mitindo ya vichwa badala ya kukoleza wino tu, ili msikilizaji aruke kutoka swali la 1 hadi la 5 bila kupitia yote.

Maandishi ya kijivu kwenye tovuti yana ubaya? (Msomaji, Dodoma)

Yakififia sana, ndiyo. Kipimo cha kimataifa cha tovuti zinazofikika na watu wote, WCAG, kinataka uwiano wa mwangaza wa 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na rangi iliyo nyuma yake. Juu ya nyeupe, kijivu chenye msimbo wa rangi #767676 kinapita, #999999 kinaanguka.

Tukimgeuzia msomaji asiyeona kitabu chenye hakimiliki kuwa faili la kusikiliza, tutashtakiwa? (Mkutubi, Mombasa)

Mkataba wa Marrakesh wa 2013 uliandikwa kwa ajili hiyo hasa. Kenya ilijiunga 2017 na kuuingiza katika sheria ya hakimiliki kwa marekebisho ya 2019; Tanzania ilijiunga 2020. Taasisi inayotambuliwa, isiyofanya biashara, inaweza kutengeneza nakala hiyo bila kumwomba ruhusa mwenye haki. Wanaohusika ni wasioona, wenye uoni hafifu, wenye disleksia (ugumu wa kusoma maandishi), na wale ambao ulemavu wa mwili unawazuia kushika kitabu au kufunua kurasa.

Kwa kuwa nakala ni yao tu, msiiache wazi kwenye tovuti. Iwekeni nyuma ya namba ya uanachama na nywila. Msiongeze lile jaribio la kunakili herufi zilizopindapinda kwenye picha: programu ya kusoma skrini haiwezi kulisoma, na mtakuwa mmewafungia mlango walewale mliowaandalia kitabu.