Mtoto aliyezaliwa na arosto: malezi yake, jina lake na maziwa ya wifi

SWALI: Assalaam alaykum shekhe. Nipo hapa Mbeya, mimi na mume wangu hatujajaliwa mtoto. Kuna binti wa mtaani kwetu alikua anatumia unga, akabeba mimba baba hajulikani, akaendelea kutumia mpaka mimba imekua kubwa ndo akapelekwa akaanzishiwa methadoni, ile dawa ya hospitali ya kumtoa mtu kwenye unga. Mtoto wa kike alivyozaliwa akalazwa siku nyingi, anatetemeka na kulia tu. Baadae huyo binti akaniomba mwenyewe nimlelee maana hana pa kukaa. Saivi mtoto ana miezi mitano, bado usiku analia sana na anashtuka kwa kitu kidogo. Mama mkwe anasema tumeingiza teja ndani, tena mtoto wa zinaa hana kheri. Wengine wanasema ana majini akasomewe. Mume wangu anataka aandikwe kwa jina lake tu yaishe. Je inafaa? Akikua atakaaje na mume wangu ndani? Na mama yake tumzuie asije?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah dada yangu, Allah awalipe wewe na mumeo. Naanza na maneno ya mama mkwe kwasababu hayo yasipokatwa mapema yatamuumiza huyu mtoto kuliko huo unga wenyewe. Allah anasema hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine, na aya hii haikuja sehemu moja, imekuja sehemu tano ndani ya Qur'an, ikiwemo Suratul An'aam aya ya 164 na Suratul Israa aya ya 15. Bi Aisha radhi za Allah ziwe juu yake alikua akisikia watu wanamsema vibaya mtoto wa zinaa anawajibu kwamba hana juu yake dhambi yoyote ya wazazi wake, alafu anasoma aya hiyohiyo. Na Mtume s.a.w amesema kila mtoto anazaliwa katika fitra, yani maumbile safi, hakusema isipokua wa fulani. Kwa iyo mama mkwe aambiwe, kwa adabu na kwa kinywa cha mwanae sio chako, mume wako akae na mama yake amwambie mama huyu mtoto hana kosa na neno teja lisisikike tena humu ndani. We ukimwambia itakua ugomvi wa mkwe na mke, yeye akimwambia itakua ni mtoto anaongea na mama yake.

Tena hilo neno ni uongo hata kwa madaktari. Teja ni mtu ambae anautafuta unga, akili yake na miguu yake vinaufata. Huyu mtoto hajawahi kuutafuta, ulikua unamfikia tumboni kupitia damu ya mama yake mpaka mwili wake ukauzoea, kitovu kilivyokatwa na dawa ikakatika siku hiyohiyo. Ndo maana alitetemeka, hio ni arosto, yani maumivu ya mwili ulioukosa unga uliouzoea, arosto ya mtoto mchanga na wanaijua hospitali: kilio cha sauti kali, kutetemeka, kupiga chafya, kutapika, kuharisha, kushindwa kunyonya vizuri, usingizi wa kukatikakatika. Kama mama alitumia heroini huwa inaanza ndani ya siku moja mpaka tatu, akiwa kwenye methadoni inaweza kuchelewa hata karibu wiki. Makali yake yanaisha kwa siku au wiki, ila mabaki kama huku kushtuka na kulia usiku yanaweza kuendelea miezi kadhaa, kwa iyo usiogope kwamba ana miezi mitano na bado, lakini pia usikae kimya nayo, mwambie daktari.

Swala la majini. Kumsomea mtoto hakuna ubaya, ni sunna, Mtume s.a.w alikua akiwakinga wajukuu zake Hasan na Husein kwa kusema "Auudhu bikalimaatillahi ttaammah min kulli shaytwaanin wa haammah, wa min kulli aynin laammah". Soma wewe mwenyewe jioni na asubuhi, umshike, imetosha. Ila kumbeba mtoto wa miezi mitano kumpeleka kwa mtu akamfukize moshi, akamnyweshe maji ya makombe na kumpigia kelele masikioni, hapana, na hapa nakataza kabisa. Mtoto ambae shida yake ni kwamba mwanga na kelele vinamzidi we unampeleka kwenye moshi na kelele! Mtume s.a.w ametuambia tutafute dawa enyi waja wa Allah, na dawa ya huyu inajulikana na haina gharama kubwa. Chumba kitulie, taa isiwe kali, simu na redio zipunguzwe, mbebe kifuani ngozi kwa ngozi, mlishe kidogo kidogo mara nyingi, na akilala alale chali. Najua baridi ya Mbeya mwezi wa sita na wa saba, tafadhali msiingize jiko la mkaa chumbani analolala, linaua watu wazima seuze mtoto. Na msimpe piritoni au dawa ya kikohozi ili alale, nasikia kina mama wanafanya hivo.

Mtume s.a.w alikua anaingia kwenye swala anataka kuirefusha, akisikia mtoto analia anaifupisha kwa kumhurumia mama yake. Kwa iyo usiku ukiwa umembeba na kisimamo chako cha swala ya usiku kimekupita, usijione umepoteza.

Hospitali ongea kila kitu. Siri ya mama yake inafichwa kwa majirani, anaemsitiri muislamu Allah atamsitiri, lakini kwa daktari na nesi wa kliniki kuficha ni kumdhulumu mtoto. Uliza kuhusu kipimo cha VVU na homa ya ini, hasa kama mama alikua anajidunga, uliza pia macho yake, maana wengine wanapata makengeza na yakiwahiwa yanatibika vizuri, na chanjo zote azipate. Mbele ya safari baadhi ya watoto hawa wanachelewa kuongea au hawatulii darasani na wengine wanakua sawa na wenzao tu, na madaktari wenyewe wanakiri ni ngumu kutenganisha kilichotokana na unga na kilichotokana na sigara, pombe, njaa au kulelewa kwa kuhamishwahamishwa. Hilo la mwisho lipo mikononi mwenu. Akifika umri wa madrasa na akawa mgumu kuhifadhi, ustadhi aambiwe anahitaji kurudiarudia na kukaa mbele, asichapwe kwa hilo. Na sio kila utundu wake useme ni unga, watoto wote ni watundu.

Sasa jina. Mume wako nia yake nzuri lakini haifai kumuandika kwamba ni binti yake wa kumzaa. Zaid bin Haritha alilelewa na Mtume s.a.w mpaka watu wakamwita Zaid bin Muhammad, ikashuka Suratul Ahzab aya ya 4 na ya 5, waiteni kwa baba zao, na msipowajua baba zao basi ni ndugu zenu katika dini. Huyu baba hajulikani, basi atanasibishwa kwa mama yake. Dini haijakuzuieni kumlea, imezuia kumfutia asili yake. Nabii Zakariya alimlea Maryam na jina la Imran halikufutwa. Na malipo yenu hayapungui, Mtume s.a.w amesema yeye na anaemlea yatima watakua peponi hivi, akaonyesha vidole viwili, na wanachuoni wengi wanamuingiza humo mtoto asie na baba wa kumlea kama huyu.

Kiserikali nendeni kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, maana saivi mnamlea kwa maneno ya mdomo tu na hilo ni hatari kwenu na kwa mtoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ina malezi ya kambo na ina kuasili. Kuasili kunapitia mahakamani na kunamfanya kisheria kama mliyemzaa, malezi ya kambo hayabadilishi nasaba, kwa iyo kwa muislamu njia ya kambo ndo inayokaa sawa na dini yetu. Urithi hatapata kwa mgao wa kisharia, ila kila mmoja wenu anaweza kumuandikia wasia usiozidi theluthi moja ya mali, au kumpa zawadi mkiwa hai, hata kiwanja. Andikeni mapema, msisubiri ugonjwa.

La kukaa na mume wako ndilo nataka mlishughulikie haraka kwasababu lina muda. Sasa hivi ni mtoto mchanga, ambebe, amuogeshe, hakuna tatizo. Akibalehe bila ya kufanya chochote atakua mwanamke ajnabi kwake, yani mtu baki, hijabu ndani ya nyumba, na haitakua raha kwa yeyote. Njia ipo: kunyonya kabla hajatimiza miaka miwili. Watu wanakosea hapa, wanampa mtoto wa kike dada wa mke amnyonyeshe, hapo anakua mpwa wa mke tu na kwa mume haijasaidia kitu. Anaetakiwa ni dada wa mume, yani wifi yako. Kama una wifi anaenyonyesha, iwe Iringa, iwe Tunduma, akimnyonyesha mara tano tofauti za kushiba, basi mume wako anakua mjomba wake wa ziwa na ni maharimu yake milele, yani hawawezi kuoana kabisa. Kwanza vipimo, mtoto na wifi wote. Kama daktari hataki aguse ziwa, wifi akamue maziwa mara tano tofauti na mtoto anywe mara tano tofauti, kwetu mashafii, tunaofuata madhehebu ya Imam Shafi, inahesabika, ila asikamue kopo moja mkaligawa mara tano. Mume wa wifi ajulishwe na akubali maana yeye atakua baba wa ziwa na watoto wake watakua ndugu wa huyu binti, hawaoani. Mshuhudishe watu na muandike tarehe, karatasi ikae na kadi ya kliniki.

Mama yake msimzuie. Methadoni anayokunywa pale hospitali ya Rufaa chini ya daktari ni dawa sio ulevi, na msimwambie aache ghafla eti ndo toba. Aje kwa miadi, mchana, wewe ukiwepo, na siku akija amelewa mumwambie kwa upole arudi siku nyingine, bila mtoto kuona ugomvi. Binti akianza kuuliza aambiwe kwamba mama yake ni yule na nyinyi ni walezi wake, kidogo kidogo kulingana na umri. Habari ya unga mwacheni mama mwenyewe aje aseme akiwa tayari.

Wallahu aalam.