Kujifunza rangi za mafuta kwa kunakili: mi nilianza na Bikira Maria wa Antonello

Mdau kauliza kama mtu ambaye hajapita chuo cha sanaa anaweza kujifunza rangi za mafuta kwa kunakili picha za kidini za zamani, na aanze na ipi. Anaweza, mi mwenyewe ndo njia niliyopita, ila usikimbilie yenye watakatifu kumi na malaika juu, utachoka hujafika nusu. Tafuta ndogo yenye kichwa kimoja.

Mi nilichukua Bikira Maria wa Antonello da Messina, mchoraji wa Italia, ile ya miaka ya 1470 iliyopo Palermo, makumbusho ya Palazzo Abatellis. Kachora kwenye ubao, kimo chake sentimita 45 tu. Mama kajifunika mtandio wa bluu, nyuma giza tupu, mbele kitabu, mkono mmoja kashikilia mtandio kifuani, mwingine kaunyoosha mbele kama anamwambia mtu subiri kwanza. Malaika Gabrieli aliyemletea habari hayupo kabisa, yaani wewe unayetazama ndo umesimama pale alipo malaika. Na rangi ni chache, ndo maana inamfaa anayeanza.

Nilikata hadibodi saizi ileile, nikapaka jeso (ile nyeupe ya msingi) mara nne huku napiga msasa kila ikikauka, nikahamisha mchoro kwa kugawa picha na ubao kwa miraba, alafu picha nzima nikaichora kwanza kwa kahawia ya umba (rangi ya udongo) iliyoyeyushwa na tapentaini, panapotaka mwanga unafuta na kitambaa. Usiruke hii hatua, umba inakauka haraka na sura ikikubali kwa kahawia peke yake hata rangi zikija hazikusumbui.

Bluu ndo ilinifundisha. Nakala ya kwanza vivuli nilichanganya ultramarini (bluu iliyoiva) na nyeusi, mtandio ukatoka umefifia kama kaniki iliyochuja. Ya pili mikunjo yote nikaijenga kwa nyeupe na kijivu, nikaacha hadi ikauke kabisa, ndo nikapitisha ultramarini nyembamba yenye mafuta ya linsidi (mbegu za kitani), unaisambaza hadi unaona mikunjo kwa chini kama unatazama kupitia kioo cha rangi. Mwanga unapenya, unagonga ile nyeupe, unarudi na bluu. Nilikaa naiangalia tu siku hiyo, sikugusa brashi tena.

Ule mkono ulionyooshwa mbele ulinila siku 11, kila usiku. Vidole vinakuja kwako kwahiyo vinatakiwa vifupi, ila akili inajua kidole ni kirefu na mkono wako unakirefusha bila wewe kutaka. Kilichonisaidia ni kugeuza picha zote mbili kichwa chini na kupima giza lililo kati ya kidole na kidole, sio kidole chenyewe.

Kingine, tabaka la chini mafuta kidogo, la juu mafuta zaidi, usigeuze. Giza la nyuma nililipaka jeusi lenye linsidi nyingi alafu juu nikaweka tabaka la rangi yenye tapentaini tupu, baada ya muda likapasuka kama tope la bwawa lililokauka. Na vitambaa vyenye linsidi usivikunje ukavirundika pembeni, vinajipasha moto vyenyewe hadi kuwaka, vianike vikiwa vimetandazwa nje au viloweke kwenye maji.

Vasari, mwandishi wa zamani wa maisha ya wasanii wa Italia, aliandika kwamba Antonello alienda kwa Jan van Eyck, mchoraji wa Flandria (Ubelgiji ya leo), kufundishwa mafuta, lakini van Eyck kafa 1441 na Antonello alikua bado mtoto. Alikulia kisanaa Napoli kwa mchoraji Colantonio, mji ambao picha za Waflandri zilikuwepo, kwahiyo hata yeye kwa sehemu kubwa alisoma kwa macho.

Ukimaliza hiyo nenda kwa Kristo wake anayebariki, National Gallery ya London. Alishamaliza vidole akabadili mawazo, akavishusha, na vile vya mwanzo bado vinaonekana chini ya rangi. Fungua picha kwenye tovuti yao, vuta karibu hapo shingoni, utaviona.