Hesabu ya stakabadhi inapishana baada ya VACUUM: tazama imepishana upande gani

Waalaykum salaam ndugu yangu. Umesema duka lenu la jumla hapo Chake Chake linatumia hifadhidata ya PostgreSQL 14.2, mlijenga upya faharasa (orodha ya kutafutia data haraka) kwa REINDEX CONCURRENTLY, amri inayoijenga bila kusimamisha kazi, huku makeshia wakiuza, na sasa hesabu ya stakabadhi kwa faharasa haifanani na hesabu ya jedwali zima. Wote mnailaumu VACUUM, amri inayosafisha mabaki ya data iliyofutwa. Kwanza chukua nakala ya faili za data kama zilivyo. Ukishasafisha, hutojua tena kilichotokea.

Hili lilitukuta kwa mteja mmoja hapa mjini, Darajani. Swali lililotufungulia njia ni hili: faharasa inatoa nyingi kuliko jedwali, au chache?

Ikitoa nyingi, shuku ramani ya uonekano, faili ndogo inayoeleza kila ukurasa wa jedwali uko katika hali gani. Jedwali limegawanywa kurasa za kilobaiti 8, na kila ukurasa una biti mbili kwenye ramani hiyo. Moja husema kila kilichomo humu kinaonekana kwa miamala yote (muamala ni kazi moja ya kusoma au kubadili data). Ya pili, iliyokuja na toleo la 9.6, husema vyote vimegandishwa, yaani ni vya zamani na VACUUM haina haja ya kuvirudia. Ile ya kwanza ikiwashwa, hesabu kwa faharasa haipiti tena kwenye jedwali. Ikibaki imewashwa kimakosa, stakabadhi iliyofutwa itaendelea kuhesabiwa.

Biti hubaki hivyo pale michakato miwili inaposhindana kwa wakati mmoja, na mbio zenyewe huwa hivi. Muamala unaofuta hutazama ukurasa kabla ya kupata kufuli (haki ya kuubadili peke yake), unaona hauna alama ya kuonekana kwa wote, basi hauishughulikii ramani. Wakati unasubiri kufuli, VACUUM inaingia, inawasha biti, inatoka. Muamala ukiendelea bila kutazama tena, biti imeshakuwa ya uongo. PostgreSQL hutazama tena: ikikuta alama imewekwa, huachia kufuli, huushika kwanza ukurasa wa ramani, kisha hufunga upya. Haisomi ramani kutoka diski huku imeshikilia kufuli, maana wenzake wote wangesubiri. Wanaoandika programu yao wenyewe ya kuhifadhi data huiruka khasa hatua hii, na hitilafu yake haitoki ukiijaribu peke yako mezani. Simamisha mchakato mmoja kwa gdb (zana ya kuchunguza programu inayoendesha) kabla tu ya kufuli, endesha VACUUM upande wa pili, kisha uuachie.

Kuthibitisha, tumia pg_check_visible iliyomo kwenye pg_visibility, kiendelezi cha PostgreSQL. Ikirudisha hata mstari mmoja, ramani imeharibika. Pg_truncate_visibility_map huifuta, na VACUUM inayofuata huijenga upya.

Ikitoa chache, na kwa maelezo yako naona ndiko uliko, ramani haina kosa. Matoleo 14.0 hadi 14.3 yana hitilafu inayojulikana: usafishaji uliweza kuondoa nakala za mistari ya jedwali ambazo ujenzi wa faharasa kwa CONCURRENTLY bado ulizihitaji, kwa hiyo faharasa ikakosa baadhi ya mistari. Ilirekebishwa 14.4, Juni 2022. Mteja wa Darajani alikuwa na hiyo hiyo. Endesha pg_amcheck, zana ya kukagua faharasa, na --heapallindexed, itakutajia faharasa zenye upungufu.

Panda toleo kwanza, halafu ndipo uendeshe REINDEX. Kupanda toleo peke yake hakurudishi kilichokosekana, na ukianza na REINDEX CONCURRENTLY juu ya 14.2 utakuwa unaijenga ndani ya hitilafu ile ile.