Kala, Lili au Zantedeschia: Usikubali Ua Lako Likataliwe kwa Sababu ya Jina

Wiki iliyopita mpambaji wa kumbi za harusi hapa Mbeya aliniandikia akiagiza maua meupe kutoka kitalu changu cha Uyole, na safari hii alitaja jina kamili, Zantedeschia aethiopica. Furaha niliyoipata iliuzidi ukubwa wa oda yenyewe, kwa kuwa ni yeye aliyewahi kunirudishia mzigo mbele ya wateja wengine, akisema kwamba aliagiza kala na si mmea huo ulioandikwa kwenye kibandiko changu. Maua yalikuwa ni yale yale. Yalininyaukia kwenye ndoo, na kauli yake kwamba wakulima wa huku hatujui tunachouza inaniuma hadi leo.

Sisi tunaotaka maua yetu yafike kwenye kumbi na makanisa makubwa hatuna budi kujua mkanganyiko huu umetoka wapi. Mwaka 1753 Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, aliliita ua hilo Calla aethiopica. Mwaka 1826 Sprengel, mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, aliliundia jenasi mpya, yaani kundi la mimea iliyo karibu kiukoo, ya Zantedeschia, na leo jina la Calla limebaki kwa mmea mwingine kabisa, unaoota kwenye vinamasi vya nchi baridi za kaskazini, lakini wauza maua waliendelea kusema kala kama kwamba hakuna kilichotokea. Asili yake si Ethiopia, bali ni kusini mwa Afrika. Wapo pia wanaoliita lili, ilhali ukoo wake ni ule wa magimbi, na aliyewahi kuwashwa na magimbi mabichi hatashangaa kusikia kwamba utomvu wa kala nao huwasha, hivyo watoto wasiachwe wautafune.

Ushauri wangu ni kwamba kila kibandiko kibebe jina la watu, jina la kisayansi la sasa na lile la zamani. Pareto, ua la kutengenezea dawa ya wadudu, inayolimwa katika nyanda zetu na kusindikwa Mafinga leo huandikwa Tanacetum cinerariifolium, lakini vitabu vingi bado vinaiweka chini ya Chrysanthemum, na anayeagiza mbegu kwa jina hilo fupi anaweza kuletewa maua ya mapambo tu. Majina mengine hata hupigiwa kura. Mkutano wa wanabotania uliofanyika Melbourne mwaka 2011 ulithibitisha kwamba jina la Acacia libaki kwa miti ya Australia, kwa hiyo miwati ya Njombe, iliyoletwa kutoka huko, bado inaitwa Acacia mearnsii, huku migunga ya Ruaha, iliyo yetu tangu asili na ambayo nayo iliitwa Acacia, ikigawanywa kati ya Vachellia na Senegalia. Uamuzi huo sikuupenda, lakini vibandiko vyangu vinaufuata, na vyako vifuate pia.

Hasara iliyo kubwa zaidi naiona kwenye chikanda. Jina hilo moja hubeba viazi vya okidi za aina nyingi, za jenasi kama Disa, Satyrium na Habenaria, vinavyochimbwa katika nyanda hizi na kuvushwa kwenda Zambia kuliwa. Kitulo, ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu, ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama wa porini, unasimamia biashara ya okidi zote kimataifa, lakini gunia lililoandikwa chikanda halimwambii mkaguzi ni okidi ipi inayokwisha. Tusijidanganye kwamba hayo ni mambo ya maofisa peke yao. Anayeishi jirani na ua ndiye anayepaswa kulitambua kwanza. Ukikuta chikanda imechanua, usiing'oe. Piga picha ya ua, majani na shina, kisha uandike mahali na mwezi, kwa sababu kiazi kikishachimbwa na kumenywa ni vigumu mno kukitambua kwa macho.