Maswali ya Wasomaji: Nani Anasajili, Kocha au Bosi?

SWALI: Kaka habari za kazi. Mi nafatilia ligi ya Uingereza miaka mingi sasa na kuna kitu kinaniuma, timu ikifungwa anatimuliwa kocha, lakini ukifatilia unakuta nusu ya wachezaji hakuwataka, kaletewa tu na mabosi. Huu si uonevu? Na hivi kocha anaweza kweli kushtaki klabu akashinda, au ndo anafungasha virago tu? *Msomaji, Mbagala*

JIBU: Salama kaka. Kushtaki anaweza na kushinda anaweza, ilimradi haki yake imeandikwa kwenye mkataba. Nenda Septemba 2008, ndani ya siku mbili makocha wawili wa Ligi Kuu Uingereza walibwaga manyanga kwa ishu hiyo hiyo ya usajili. Tarehe 3 Alan Curbishley pale West Ham, kesho yake Kevin Keegan pale Newcastle.

Ya Curbishley ni fupi. Mkataba wake ulimpa kauli ya mwisho nani aingie nani atoke, klabu ikawauza mabeki wake wawili, Anton Ferdinand na George McCartney, wote Sunderland, yeye hajaridhia. Akaondoka, akadai, na Novemba 2009 jopo la usuluhishi likasema yuko sahihi.

Ya Keegan ndo inauma zaidi. Mike Ashley, mmiliki wa Newcastle, alimrudisha Januari 2008 mji mzima ukalipuka kwa furaha, mana yule jamaa pale wanampenda sana toka alivyocheza mwenyewe na baadae kuwafundisha miaka ya tisini, alafu haikupita muda akaletwa Dennis Wise kusimamia mambo ya soka. Keegan akili yake ilikuwa usajili mwisho wake ni yeye. Dirisha la usajili linakaribia kufungwa anatajiwa jina, Ignacio González, kiungo wa Uruguay aliyekuwa Valencia. Keegan hamjui. Anaambiwa kamwangalie YouTube! Akaangalia, vipande vyenyewe havieleweki, akasema huyu simtaki, na hakuna hata mtu mmoja wa klabu aliyewahi kumuona uwanjani akicheza. Wakamchukua kwa mkopo hivyo hivyo. Keegan akaondoka, akadai kwenye jopo la usuluhishi, na sababu iliyokuja kutoka mbele ya jopo hilo ni kwamba ilikuwa fadhila kwa mawakala wawili wa Amerika ya Kusini, ili klabu iangaliwe kwa jicho zuri kwenye dili za mbeleni. González aliichezea Newcastle mechi mbili tu.

Oktoba 2009 jopo likaamua Keegan alisukumwa nje kwa klabu kuvunja mkataba, akapewa pauni milioni 2 na riba juu, japo alidai zaidi ya milioni 25. Kitu ambacho mimi kimenikaa mpaka leo ni klabu kukiri mbele ya jopo kwamba zile kauli walizokuwa wanatoa hadharani, kwamba Keegan ndo mwenye neno la mwisho, hazikuwa kweli. Yani walikuwa wanawadanganya mashabiki wao wenyewe, watu wanaolipa tiketi! Mei 2009 timu ikashuka daraja.

Kwahiyo kaka uonevu upo, ila kama hakuna kipengele kocha anabaki kulalamika kwenye mikutano na waandishi. Angalia Mourinho akiwa Manchester United 2018, kiangazi kizima analilia beki wa kati, akaletewa Fred, Diogo Dalot na kipa Lee Grant, beki hakuna, Desemba 18 akatimuliwa. Mwaka uliofuata klabu hiyo hiyo ikamnunua Harry Maguire pauni milioni 80.

SWALI: Mume wangu anasema kocha apewe fedha zote asajili anavyotaka, mi nabisha. Tuamulie. *Msomaji, Morogoro*

JIBU: Dada hapa niko upande wako, shemeji anisamehe. Mchezaji anasaini miaka minne mitano, kocha wengi hata miwili hawamalizi, sasa kila anayekuja akijaza watu wake anayefuata anakuta kikosi hakimfai na hela imeisha. Na kocha naye hajui kila kitu. Kiangazi cha 2017 Jürgen Klopp pale Liverpool alikuwa anamtaka winga Mjerumani Julian Brandt, watu wa usajili chini ya Michael Edwards wakamkomalia weee mpaka akakubali kumchukua Mohamed Salah kutoka Roma. Msimu wa kwanza tu Salah alifunga mabao 32 ya ligi. Tofauti na Newcastle ni kwamba Klopp alishawishiwa, akaletewa hoja, akakubali mwenyewe. Mimi naona kocha asishike pochi, ila mchezaji asiingie wala asitoke yeye hajakubali.

SWALI: Na huku kwetu je? Kila msimu tunasikia ripoti ya kocha, ripoti ya kocha, alafu wanasajiliwa watu wengine kabisa. *Msomaji, Tabora*

JIBU: Mdogo wangu umegusa penyewe. Kwetu shida inaanzia mapema zaidi, mara nyingi kocha anaandika ripoti, anaondoka au anaondolewa, usajili unafanywa na viongozi kwa presha ya mashabiki na mtani kasajili nani, alafu kocha mpya anashuka airport kikosi kishajaa. Baada ya mechi tano anaulizwa mbona timu haichezi. Inanikera sana hii, mana hela ni za klabu na machozi ni ya wanachama. Nyie wanachama mna mkutano mkuu, siku hiyo msiulize tu bajeti ni shilingi ngapi, ulizeni kila mchezaji aliyesajiliwa nani alimpendekeza, nani alienda kumuona akicheza, na kocha alisaini wapi kwamba anamtaka, na mkijibiwa kwa maneno matupu ombeni mwonyeshwe karatasi.