Presha ya kliniki na presha ya nyumbani: ipi ya kuamini?

Barua za safari hii ni nne, ila naanza na iliyofika mwisho, maana aliyeiandika hafai kungoja zamu.

Ni dereva wa matatu kutoka Githurai, ana miaka 54. Anasema: "Daktari, nikipanda ngazi za daraja la wapita njia kifua kinabana hapa katikati, kama mtu amenikalia. Nikisimama dakika mbili tatu kinaachilia. Nilipewa dawa za vidonda vya tumbo, huu ni mwezi wa nne. ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, nilifanyiwa, ikawa safi. Niombe dawa yenye nguvu zaidi?"

Ndugu yangu, hapana. Muone daktari wa moyo, na iwe wiki hii. Vidonda vya tumbo havijui kama unapanda ngazi au umekaa kwenye usukani. Maumivu yanayokuja ukijikaza na kuondoka ukipumzika tunayahesabu kuwa ya moyo mpaka vipimo viseme vingine: mishipa inayoulisha moyo wenyewe imekuwa myembamba, damu inatosha ukiwa umetulia, haitoshi ukipanda. ECG yako ilikuwa safi kwa sababu ulipimwa umelala kitandani, wakati moyo haukuwa na deni lolote. Unahitaji kipimo kinachofanywa huku ukitembea kwenye mashine, au picha ya mishipa yenyewe. Daktari atachagua.

Kabla ya hapo, kibano kikija umekaa tu kikapita dakika 15, au kikaja na jasho baridi, au kikapanda tayani au kushuka mkono wa kushoto, tafuna aspirini ya miligramu 300 (isipokuwa kama una mzio nayo au unavuja damu mahali) na uende hospitali yenye idara ya dharura. Usijiendeshe, unajua mwenyewe jinsi barabara zetu zilivyo. Ukifika mlangoni sema "kifua". Usiseme "vidonda". Neno lako la kwanza ndilo linaloamua utapangwa foleni gani, na ECG inatakiwa ifanywe ndani ya dakika 10 tangu uingie.

Sasa mwalimu wa Donholm, ambaye swali lake nimeulizwa na watu wengi kwa namna nyingi. Ana miaka 47. Kliniki anasoma 158/96, safari nyingine zaidi. Nyumbani, kwa mashine aliyonunua duka la dawa, anapata 126/80 hadi 132/84. Ameandikiwa amlodipini ya miligramu 5 na bado iko kwenye pochi. Anauliza: "Anayesema kweli ni nani, wao au mashine yangu? Na nikianza dawa, ndiyo nimeanza hadi kaburini?"

Mwalimu, inawezekana wote wanasema kweli. Presha haikai mahali pamoja kama urefu wako. Moyo hupiga kama mara 100,000 kwa siku na kila mpigo una presha yake. Sisi tunatafuta wastani wake. Ndiyo maana mtu akiniletea namba, kabla sijaitazama namuuliza: ulipimwaje?

Wacha nikisie ya kliniki. Umeshuka matatu, umepanda hadi orofa ya tatu, umekaa kwenye benchi lisilo na mgongo ukiwaza darasa umemwachia nani. Jina likaitwa. Muuguzi akakuvika mkanda juu ya sweta, mkono ukining'inia, akakuuliza umri, namba ya simu na bima, nawe ukawa unajibu huku mashine ikijaza upepo. Mkono ukiwa chini ya usawa wa moyo kwa sentimita 10 tu, uzito wa damu peke yake unaongeza karibu 8 kwenye namba ya juu. Kuongea kunaongeza. Kibofu kilichojaa kinaongeza, miguu iliyopishana vilevile. Halafu kuna ile hofu ya kuona koti jeupe, ambayo hata madaktari wanayo. Mimi mwenyewe nikipimwa na mwenzangu napanda.

Simlaumu muuguzi, ana watu sitini nje. Asubuhi moja niliketi pembeni kwenye kliniki niliyokuwa nikifanya kazi nikahesabu wagonjwa 20. Waliokalishwa dakika tano kabla ya kupimwa walikuwa wawili, na hao ni kwa sababu betri za mashine ziliisha katikati, mtu akatumwa dukani.

Lakini na mashine yako nayo isipate sifa za bure. Ukiegemeza mkono juu ya mgongo wa kochi, juu ya usawa wa moyo, inashusha namba. Mkanda mkubwa kuliko mkono unashusha, mdogo unapandisha. Mikanda mingi inayouzwa na mashine hizi ni ya mkono wenye mzingo wa sentimita 22 hadi 32. Azima futi ya fundi wa nguo ujipime katikati ya bega na kiwiko. Kama mashine yako ni ya kuvaa kwenye kifundo cha mkono, kama saa, mimi siipendi, mkono ukisogea kidogo tu namba inahama.

Fanya hivi kwa siku saba. Asubuhi kabla ya chai na kabla ya dawa yoyote, kisha jioni, nenda haja kwanza, kaa kwenye kiti chenye mgongo, nyayo sakafuni, mkono mtupu juu ya meza. Nyamaza dakika tano. Simu iwe chumba kingine, na wale wa kikundi cha wazazi watangoja. Pima, ngoja dakika moja, pima tena. Andika zote mbili, hata ile ambayo hukuipenda. Najua wagonjwa wangu hurudia mpaka mashine iseme jambo jema, kisha wakaandika hilo. Siku ya kwanza itupe. Zinabaki namba 24, piga wastani. Kliniki tunaita presha kuanzia 140/90, ila kwa vipimo vya nyumbani mstari uko 135/85.

Ukibaki ulipo sasa, uko chini ya mstari, na kinachokupata kinaitwa presha ya koti jeupe. Beba mashine na daftari umpelekee daktari aliyekuandikia dawa, apime mkono huohuo kwa yake na kwa yako mkiwa mmekaa. Mwombe pia vipimo vinavyoonyesha kama presha imeshaacha alama: mkojo kutafuta protini, kreatinini ya figo, sukari, ECG. Moyo ukionekana umenenepa au figo zinavuja protini, basi daftari lako zuri halinidanganyi, dawa utaanza. Kukiwa na utata, kuna mashine ndogo ya kuvaa saa 24, inajaza upepo yenyewe kila baada ya nusu saa hivi, hata umelala. Inaudhi, lakini inamaliza ubishi. Na hata vyote vikiwa safi, usipotee: wenye presha ya koti jeupe wengi huishia kwenye presha yenyewe baadaye, hivyo rudia hiyo wiki moja kila mwaka.

Kuhusu kaburini. Amlodipini haikufungi kama sigara. Wapo niliowapunguzia dawa, hata kuwaachisha, baada ya kupunguza uzito na chumvi. Kiwango kinachopendekezwa ni chini ya gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote, na mchuzi wa kiungo cha paketi tayari umekula sehemu yake. Wengi lakini humeza miaka mingi, na presha ikisoma vizuri ni kwa sababu ya dawa, si kwamba umepona. Ukianza, usijipime kesho yake ukalalamika. Inachukua wiki moja au mbili kufika nguvu yake kamili. Vifundo vya miguu vikivimba, rudi ibadilishwe, usiiache kimyakimya.

Ninaowaogopa hasa ni kinyume chako. Kliniki 128/80, wanapongezwa, kumbe nyumbani na kazini wako 150. Hao hakuna anayewatafuta.

Hilo swali la "ulipimwaje" sikulibuni. Nilipokuwa mwanafunzi wa udaktari wodini Kenyatta miaka ya tisini, mwalimu wetu alikuwa hakuruhusu useme presha ya kijana kabla hujaweka kidole kimoja kwenye mshipa wa mkono na kingine kwenye kinena, kwa wakati mmoja. Tuliona ni mila za wazee. Miaka mingi baadaye akaletwa kwangu kijana wa miaka 19, ameachwa kwenye usajili wa askari kwa sababu ya presha. Mkononi 170/100. Alikuwa amezunguka hospitali kadhaa miaka miwili, dawa tatu, na kila mara mama yake anaulizwa kama kijana anatumia miraa. Mkono wake ulikuwa unadunda kama ngoma. Kinena, nilitafuta mpaka nikadhani vidole vyangu vimekufa ganzi. Mdundo ulikuja hafifu, tena umechelewa, nyuma ya ule wa mkono. Presha ya mguu ilisoma 110, na kwa kawaida mguu hausomi chini ya mkono. Mshipa mkuu utokao moyoni ulikuwa umebanwa kifuani tangu kuzaliwa. Namba ya mkononi haikuwa ya uongo hata siku moja. Mshipa ulitanuliwa kwa puto, ukawekewa kijibomba cha waya, na leo anameza dawa moja. Uaskari ulimpita. Anaendesha duka la vipuri.

Barua ya tatu inauliza kama kitunguu saumu na limau asubuhi vinatosha badala ya dawa ya presha. Kula, ni chakula kizuri. Dawa yako meza pia.

Ya mwisho ni ya mama wa Kangemi. Binti yake wa miaka 21 ana valvu (mlango wa moyo) ya chuma, valvu yake mwenyewe iliharibiwa na homa ya baridi yabisi iliyotokana na maambukizi ya koo utotoni. Anameza wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande. "Tumeambiwa asiguse sukuma wiki wala mchicha. Sasa Nairobi hii atakula nini?"

Mama, mpe sukuma. Wafarini inafanya kazi kwa kuipinga vitamini K, na sukuma inayo nyingi, hapo waliowaambia hawakukosea. Lakini hatari iko kwenye kubadilika. Akikaa wiki tatu bila mboga, kisha aende kwa nyanya yake mashambani ale mboga za majani mchana na usiku, INR, yaani kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, inashuka na damu inaweza kuganda kwenye valvu. Akila kiasi kilekile wiki hadi wiki, dozi tunaipanga kuzunguka sahani yake. Cha kumkataza ni dawa za maumivu za dukani kama daiklofenaki, sindano za kwenye misuli na dawa za mitishamba. Akiandikiwa antibayotiki, hasa metronidazo au kotrimoksazo, aseme anatumia wafarini, na INR irudiwe baada ya siku chache, maana hizo huipandisha.

Na kuna jambo ambalo barua yako imelipita kando. Ana miaka 21. Wafarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, zaidi katika miezi mitatu ya kwanza, na kuiacha ghafla ni hatari kwake mwenye valvu. Kwa hiyo mazungumzo ya mtoto yafanyike kabla ya mimba, si baada ya siku zake kukosekana. Mwambie aje na kadi yake ya INR, na kama yupo mwenzake, waje wote wawili. Wewe mama, siku hiyo utatungoja nje kidogo.