Skrepa ya usiku: ofisi tano zinamkamataje mtu mmoja?

SWALI: Asalaam aleikum mtaalamu. Nina yadi ya vyuma chakavu Ngamiani, hapa Tanga mjini. Leseni ninayo, kibali cha mazingira ninacho, mashine ya EFD ya risiti za kodi inafanya kazi. Kila baada ya muda anakuja mtu na ofisi yake: leo mazingira, kesho jiji, keshokutwa kodi, halafu polisi. Kila mmoja anaangalia karatasi yake na kuondoka. Lakini wale wanaopokea nyaya za kopa usiku na kupakia alfajiri sijaona wakiguswa. Nasikia inasemwa sasa ofisi zishirikiane kuyavunja magenge ya taka na skrepa. Kitaalamu, ushirikiano huo unafanyikaje? Na mimi nikiwa na ninachokijua, nikipeleke wapi bila kujiingiza matatani?
Mwenye yadi, Ngamiani

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Nusu ya jibu umeshaitoa mwenyewe uliposema kila mmoja anaangalia karatasi yake na kuondoka. Genge linaishi hapo hapo. Kibali chake kinaweza kuwa halali, leseni halali, risiti halali, na bado mzigo ukawa wa wizi, kwa sababu hakuna aliyeziweka karatasi hizo mezani pamoja akauliza kama zinasema kitu kimoja.

Tufuate mzigo mmoja. Kwa sheria yetu vyuma chakavu vimewekwa kwenye kundi la taka hatarishi, ndiyo maana kuvikusanya, kuvihifadhi, kuvisafirisha na kuvipeleka nje kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na kanuni za taka hatarishi za 2021. Kwa hiyo NEMC, baraza la taifa la mazingira, wana karatasi ya kwanza: nani ameruhusiwa kufanya nini, na wapi. Jiji lina leseni ya biashara. TRA, watu wa kodi, wana mauzo yaliyopita kwenye EFD na, mzigo ukienda nje, tamko la forodha. Bandari ina rekodi za getini. Na tangu Julai 2016 kontena lolote linalopakiwa melini kwenda nje lazima liwe na uzito uliothibitishwa, kwa kanuni za usalama wa bahari za SOLAS. Mwenye yadi naye ana kitabu chake cha manunuzi.

Sasa tuseme kitabu cha manunuzi kinaonyesha tani nne za kopa kwa mwezi, risiti za EFD zinaonyesha mbili, na kontena limepimwa likiwa na tisa. Hakuna ofisi iliyodanganywa moja kwa moja, maana kila moja ilionyeshwa namba yake tu. Ukiziweka namba tatu kwenye karatasi moja, tani tano hazina baba. Hapo ndipo upelelezi unapoanza, na haukuhitaji king'ora wala mlango kuvunjwa. Kwa maoni yangu kazi kubwa ya kikosi cha pamoja ni hiyo ya kulinganisha uzito, na ndiyo inayofanywa kidogo kuliko zote. Misafara ya magari matano kwenye yadi moja inapendeza kwenye picha, lakini mara nyingi inamkuta mlinzi na mbwa.

Kitu kingine cha kulinganisha ni aina ya mzigo. Yadi inayonunua kwa waokota skrepa wa mitaani hupata zaidi mabati, vyuma vya magari, masufuria, fremu za baiskeli. Kopa huwa kidogo ndani yake. Yadi inayotoa kopa nyingi kuliko chuma lazima ieleze inaipata wapi. Ikiwa kopa hiyo imefifia na kuwa nyeusi kwa kuchomwa, maelezo yawe mazuri zaidi, kwa kuwa mwuzaji halali hana sababu ya kuchoma nyaya: kopa iliyochomwa hushuka daraja na bei. Anayechoma ana haraka, au anafuta alama ya mwenye mali. Moshi wa plastiki ya nyaya una sumu za dioksini, kwa hiyo jirani anayelalamikia harufu ya usiku ana taarifa inayomhusu afisa wa afya, wa mazingira na mpelelezi kwa mara moja. Kwa kawaida malalamiko hayo huishia kwenye daftari la serikali ya mtaa.

Forodha nako kuna mchezo wake. Kwenye mfumo wa kimataifa wa namba za bidhaa, chuma chakavu ni 7204, kopa chakavu ni 7404, na kopa iliyosafishwa ni 7403. Mtu akiyeyusha nyaya kienyeji na kumimina vipande, anaweza kutamka 7403 ili mzigo usionekane kuwa taka na usiulizwe kibali cha taka. Afisa forodha peke yake anaona namba tu, lakini akiwa na mwenzake wa mazingira anayejua kwamba mfanyabiashara huyo hana kiwanda cha kusafisha kopa, tamko linaanguka.

Kuna ofisi moja ambayo wenye yadi wengi huiona kero tu: Tume ya Nguvu za Atomiki, inayopima mionzi. Wana haki ya kuwepo. Mwaka 1987 mjini Goiânia, Brazili, watu walichukua mashine ya tiba ya mionzi kwenye hospitali iliyohamwa, ikauzwa yadi ya skrepa, ikafunguliwa. Ndani mlikuwa na sizimu-137, kemikali yenye mionzi. Watu 249 walikutwa na mabaki ya mionzi, na wanne wakafa. Mzigo usiojulikana ulikotoka una hatari ambayo macho hayaioni.

Pengine utauliza kama kuna mahali ushirikiano huu umejengwa rasmi. Upo Uingereza. Mwaka 2018 ripoti huru iliyosimamiwa na Lizzie Noel ilipendekeza chombo cha pamoja dhidi ya uhalifu wa kupangwa katika taka, na Januari 2020 kikaanza kazi, kikiongozwa na wakala wa mazingira pamoja na polisi, mamlaka ya kodi na wakala wa kupambana na uhalifu mkubwa. Mtu wa kodi anaingiaje? Huko kutupa tani moja ya taka za kawaida dampo kunatozwa kodi ya zaidi ya pauni 100, na taka zisizo na madhara, kama udongo na kifusi, zinatozwa pauni chache tu. Genge linaandika kifusi kwenye karatasi ya taka za kawaida, linabakiza tofauti mfukoni, au linamwaga mzigo shambani usiku. Afisa wa mazingira akiona kilima cha taka, mtu wa kodi anaona pesa iliyokwepwa, na kosa la kodi mara nyingi ndilo linalombana mkubwa asiyewahi kugusa lori.

Usiuchukue mfano huo mzima mzima. Kule taka ni mzigo ambao mtu analipa ili auondoe, uhalifu unazaliwa kwenye kukwepa gharama. Hapa Tanga skrepa ni mali, uhalifu unazaliwa kwenye kuipata: waya wa umeme, nati na vipande vya reli ya kwenda Moshi, mita za maji, mifuniko ya chemba. Kwa hiyo kikosi chetu kisichokuwa na shirika la umeme, la reli na mamlaka ya maji tangu siku ya kwanza kina pengo. Mahakamani lazima aje mtu aseme, "Waya huu ni wetu, umekatwa mahali fulani tarehe fulani." Bila yeye polisi wanabaki na rundo la kopa na mshitakiwa anayesema amelinunua kihalali. Jambo moja la Waingereza linatufaa kama lilivyo: tangu mwisho wa 2012 walipiga marufuku kulipia skrepa kwa fedha taslimu katika England na Wales. Sisi tuna malipo ya simu mpaka kwa muuza kahawa, na muamala wa simu una jina na saa.

Kenya walijaribu njia nyingine. Januari 2022 rais wao alisimamisha biashara yote ya vyuma chakavu baada ya miundombinu ya umeme kuhujumiwa, na Mei mwaka huo ikafunguliwa tena kwa masharti. Marufuku ya jumla inamfunga mtu kama wewe mchana kweupe, na mwenye stoo ya siri anasubiri. Kwa mkoa wenye mpaka wa Horohoro na bandari bubu kila kona ya pwani, nisingeishauri.

Kwenye sheria sikai sana. Anayenunua mali ya wizi akijua, au akiwa na sababu ya kuamini kuwa ni ya wizi, yumo ndani ya kifungu cha 311 cha Kanuni ya Adhabu. Hicho kinamnasa mpokeaji. Mpangaji anafikiwa na Sheria ya Uhujumu Uchumi, kwenye kosa la kuongoza genge la uhalifu, na huko ridhaa ya Mkurugenzi wa Mashtaka inahitajika. Ndiyo maana wakili wa serikali akae na wapelelezi mapema, asiletewe jalada limeshafungwa. Fedha zikihamishwa kufichwa asili yake, ni utakatishaji, na Kitengo cha Kudhibiti Fedha Haramu kinaingia. Njia hii tumeshaipita kwenye pembe za ndovu: vyombo vilipokaa pamoja, mfanyabiashara mkubwa Yang Fenglan alikamatwa 2015 na Februari 2019 mahakama ya Kisutu ikamhukumu miaka 15. Kwa miaka mingi kabla ya hapo waliokuwa wakijaa mahabusu ni wapiga risasi wa porini.

Vikwazo? Siri za mlipa kodi zinalindwa na sheria, kwa hiyo TRA hawawezi kumwaga mafaili kikaoni. Kunatakiwa maombi ya maandishi yenye sababu. Kuna suala la nani anatunza tani tisa za kielelezo hadi hukumu. Na kuna kuvuja. Operesheni inayojulikana na ofisi tano siku tatu kabla imeshajulikana na yadi zote. Wanaojua siku na saa wawe wachache, wengine waitwe asubuhi ile ile. Halafu mafuta ya gari na posho: kikosi kisichokuwa na bajeti yake huishia kusafiria gari la anayekaguliwa, na hapo hakuna cha kukagua.

Sasa wewe. Kabla ya kumsema mtu, hakikisha kitabu chako kinasimama: jina la aliyekuuzia, namba ya kitambulisho chake cha NIDA, simu, aina ya mzigo, uzito, picha, na muamala wa malipo. Kama kuna siku ulinunua kitu kikakutia shaka, zungumza na wakili kwanza.

Taarifa ya wizi na magenge ipeleke kwa Mkuu wa Upelelezi wa Mkoa mwenyewe, usiiache kaunta. Ukishuku kuna afisa anayewalinda, nenda TAKUKURU, ofisi ya kupambana na rushwa, au piga 113, ni bure. Kuna Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015. Inakulinda ukitoa taarifa kwa nia njema kwa mamlaka husika, haikulindi ukiitangaza kwenye magrupu ya WhatsApp, kwa hiyo huko nyamaza kabisa. Andika ulichokiona wewe: tarehe, saa, namba ya gari, lilikotoka na lilikoelekea. Uliyoyasikia yaandike mbali na utaje kuwa umesikia. Usiende kupiga picha getini kwao usiku, hiyo si kazi yako. Na kabla hujaenda kuandikisha maelezo, angalia kibali chako kinaisha lini.